Ukumbi mwembamba na makochi makubwa

SWALI: Assalaam alaykum, fundi. Mimi ni mwalimu wa skuli, naishi Wete, Pemba. Tumejenga nyumba ya matofali ya saruji na tumehamia kabla haijakamilika. Ukumbi una upana wa mita 3.2 na urefu wa mita 5. Mlango wa nje uko kwenye ukuta mfupi. Mlango wa kuingilia ndani uko mwisho wa ukuta mrefu wa kulia, na madirisha mawili yako ukuta mrefu wa kushoto. Mume wangu anataka seti ya makochi makubwa kama aliyoyaona kwa jamaa zake Dar es Salaam. Mimi napenda mikeka, kanga na vitu vyetu, lakini sitaki ukumbi wangu ufanane na hoteli ya watalii. Mama mkwe ametupatia kasha la njumu, lile la mbao lenye mapambo ya shaba, na huja kukaa kwetu mara kwa mara, magoti yanamsumbua. Kuta kwa chini zinafanya koga kila masika. Tuna shilingi milioni moja na nusu. Tuanze wapi?

JIBU: Wa alaykum salaam, mwanangu. Umefanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: umepima chumba kabla ya kuuliza. Vipimo hivyo vyako vimeshajibu nusu ya swali, kwa hiyo tuanze navyo.

Seti ya makochi ya tatu, mbili na moja inayouzwa madukani sasa huwa na kina cha karibu mita moja kila kochi, ukihesabu mgongo na ile mito yake minene. Ukiyaweka yakaelekeana kwenye ukumbi wa mita 3.2, makochi yamekula mita mbili na umebakiwa na mita moja na sentimita 20. Weka meza ya kioo katikati, ya sentimita 60, na kila upande inabaki njia ya sentimita 30. Mtu hapiti hapo. Anapita upande upande huku akigonga magoti ya wageni. Na wewe siku ya Idi utapita hapo na sinia la pilau. Mwambie mume wako hesabu hii kwa upole, tena mchoree kwa chaki sakafuni kila kochi kwa ukubwa wake halisi, halafu mwombe atembee kutoka mlango wa nje mpaka mlango wa ndani. Sina ubaya na makochi makubwa. Yamekusudiwa vyumba vipana, na chumba chenu si kipana.

Lakini wembamba huo usikusikitishe, kwa sababu wazee wetu waliishi ndani ya vyumba kama hivyo na wakavipamba vikapendeza. Nyumba za mawe za Mji Mkongwe zilitandazwa boriti za mikoko kwenye dari, na boriti ya mkoko haiendi mbali: chumba kikizidi kama mita tatu kwa upana, boriti haifiki upande wa pili au inalegea. Ndiyo maana vyumba vile ni virefu na vyembamba. Na kwa kuwa ni vyembamba, vitu viliwekwa kwa kufuata kuta, watu wakakaa chini au karibu na chini, na katikati pakaachwa wazi kwa mkeka, kwa sinia, kwa watoto, kwa sala. Ukumbi wako una umbo lile lile. Mpangilio wa zamani utakufaa kwa sababu ya hesabu, hata kama usingekuwa unaupenda.

Ninachokushauri ni majilisi ya mbao, yaani mabaraza ya kukalia yanayofuata ukuta, upande mmoja tu, kwenye ukuta wa kulia, ule ule wenye mlango wa ndani. Utashangaa kwa nini nisiyaweke chini ya madirisha. Sababu ya kwanza ni stara. Mgeni aliyeegemea ukuta wenye mlango haoni kinachoendelea nyuma ya mlango huo, hata ukifunguliwa wakati anazungumza na mume wako. Akikaa upande wa madirisha, kila mlango unapofunguka macho yake yanaingia ndani bila ya yeye kutaka, na wewe utaishia kutundika pazia zito linalozuia upepo. Sababu ya pili ni huo upepo wenyewe. Mtu aliyekaa ukuta wa kulia ameelekea madirisha, upepo unampata usoni na kifuani. Aliyekaa chini ya dirisha unampita juu ya kichwa. Ya tatu ni mvua ya Pemba, ambayo hainyeshi kwa kubembeleza. Dirisha likisahauliwa wazi, sponji ndiyo inayokunywa maji.

Ukitoa mlango na nafasi ya kupumulia, ukuta huo unakuachia kama mita nne. Mwambie seremala akutengenezee mabaraza mawili ya mbao, kila moja mita 1.8, uyaweke yakafuatana. Kwa sentimita 60 kila mtu, hapo wanakaa watu sita bila kubanana. Nasema mawili na si moja la mita 3.6 kwa sababu lazima lipite mlangoni, na kwa sababu siku ya shughuli utataka kuyatenganisha. Kina cha kukalia kiwe sentimita 60, fremu iwe na kimo cha sentimita 32 na sponji ya sentimita 12 juu yake. Jumla ni 44, na mtu akikaa inazama kidogo. Hicho ni kimo ambacho mtu mzima anainuka bila ya kusaidiwa. Majilisi ya kulala sakafuni kabisa, yale magodoro ya mtindo wa Oman ambayo siku hizi yamejaa mjini, ni mazuri kwa vijana, lakini kwa mama mkwe wako ni adhabu.

Chini ya mabaraza hayo pasizibwe. Najua utashawishika kuweka makabati ya kuhifadhia mashuka. Acha miguu wazi, ufagio upite na hewa ipite, maana koga ya masika hupenda mahali pasipo hewa. Kwa sababu hiyo hiyo sehemu ya kukalia isiwe ubao mzima. Iwe ya mipande yenye mianya ya vidole viwili, sponji ipumue kwa chini.

Kuhusu mbao, mfenesi ni mti wetu na ni mti mzuri. Ndio uliochongwa milango mingi ya Zanzibar pamoja na msaji, rangi yake huanza ya njano na kadiri miaka inavyokwenda hugeuka kahawia ya asali. Msaji ni bora zaidi ukipatikana. Mvinje ni mgumu na bei yake hustahimilika, ila hupasuka na kujikunja ukitumiwa mbichi. Lolote mtakalochagua, uliza mbao zimekaushwa muda gani, na usione haya kuinua ubao mkononi: ubao mbichi ni mzito kuliko unavyotarajia na una ubaridi. Mwambie fundi aunge kwa ulimi na tundu, na gundi, asitegemee misumari peke yake. Misumari hushika kutu kwa hewa yetu ya bahari, halafu kiti kinaanza kulia kila mtu anapokaa. Na vile vitu vinavyong'ara vya madukani vilivyotengenezwa kwa unga wa mbao ulioshindiliwa na gundi, mimi sivipendekezi kabisa Pemba. Unyevu ukiingia kwenye pembe moja tu, ubao unavimba kama mkate uliorowa, na hakuna fundi wa kuurudisha.

Sasa upande wa madirisha. Hapo usiweke kitu kizito isipokuwa kasha, na uliweke baina ya madirisha mawili. Makasha mengi ya zamani ya namna hii yaliletwa na majahazi kutoka India na Ghuba ya Uajemi, na yalikuwa ndiyo kabati, benki na zawadi ya harusi kwa pamoja. Mwanga wa pembeni kutoka madirisha mawili utaziamsha zile njumu zake, na wageni wako sita watakuwa wameliangalia ana kwa ana. Huna haja ya pambo jengine kubwa ndani ya ukumbi huo. Kumbuka tu kwamba kasha hufunguliwa kwa juu. Ukiliwekea televisheni, maua ya plastiki na fremu za picha, umelifanya meza, na hutalifungua tena mpaka siku utakayokuta mchwa wameshamaliza ndani. Litie vitu unavyovitumia: doti zako za kanga, mashuka ya wageni, miswala. Lisiguse ukuta, acha vidole vitatu nyuma yake, na kama miguu yake ni mifupi liinue juu ya vipande vya mbao ngumu. Shaba isafishe kwa ndimu au ukwaju kwenye kitambaa kilichokamuliwa vizuri, kisha upanguse kwa maji kidogo na ukaushe papo hapo, bila kulowesha mbao. Tena si kila wiki. Shaba iliyofifia kidogo kwenye kasha la zamani ina heshima yake.

Televisheni iende ukuta mfupi wa mwisho, unaoelekeana na mlango wa nje. Ukiiweka baina ya madirisha, mwanga wa mchana utakuwa unakupiga machoni na picha hutaiona. Na kando yake, karibu na ukuta huo, weka viti viwili vyenye mikono, vya kimo cha sentimita 45 au 46, vyepesi kiasi cha mtu mmoja kuvihamisha. Kimoja ni cha mama. Mikono ya kiti ndiyo inayomwinua mwenye magoti mabovu, si ulaini wa mto. Kochi laini linalomeza mtu ndilo linalomtesa. Kiti cha pili mpe mume wako achague mwenyewe mto wake na kitambaa chake. Alichokitaka Dar es Salaam, nadhani, ni kuwa na mahali pa kupumzisha mgongo akirudi kazini, na hilo ni haki yake.

Meza ya katikati usinunue. Tafuta vigoda vitatu au vimeza vidogo vinavyoingiana, vitoke chai inapokuja na virudi pembeni ikimalizika. Katikati ya ukumbi wako patabaki upana wa mita mbili na zaidi kidogo, na hapo ndipo mkeka unapoingia.

Wewe uko mahali pazuri kwa mikeka, na inanisikitisha kuona nyumba za Pemba zimetandikwa mazulia ya plastiki wakati mama mtaa wa pili anasuka. Agiza mkeka wa ukindu kwa kipimo chako, usinunue uliokwisha shonwa. Msukaji husuka mashupatu, zile tepe ndefu, halafu huziunganisha. Kwa hiyo mkeka wa mita 2 kwa 3.5 kwake si tatizo, anaongeza mashupatu tu. Agiza mapema. Ukindu unakatwa, unaanikwa, unachemshwa na rangi, unaanikwa tena, na hayo yote yanataka jua. Kuhusu rangi, mwombe akuoneshe mashupatu mawili matatu kabla hajaanza kushona, kisha chukua moja ulilolipenda na ulifanye ndilo kiongozi wa chumba kizima: rangi mbili zilizomo ndani ya shupatu hilo ndizo utakazozirudia kwenye mito na mapazia, na sehemu ya juu ya ukuta ibaki nyeupe au ya maziwa. Hapo hutahitaji mtu wa kukwambia kipi kinaendana na kipi. Zulia nene la kubandika liache. Linashika vumbi na unyevu, na ukiwa na mtoto mwenye kifua utajuta. Mkeka unaukunja, unautoa nje ukapigwa na jua, unaurudisha. Chini yake, siku za watu wengi, tandika jamvi.

Mito ya kuegemea ijaze usufi. Sponji iwe ya kukalia, usufi uwe wa mgongo, kwa sababu ni mwepesi. Nao uanikwe mara kwa mara, la sivyo hujikusanya mabonge. Kitambaa cha kukalia kiwe cha pamba nzito, chenye zipu, uweze kukivua na kukifua. Kanga ni nyembamba mno kwa kukalia, itachanika mapema. Lakini kwenye mito inapendeza sana, hasa ukitumia pindo upande mmoja na mji, yaani sehemu yake ya katikati, upande mwengine. Kikoi ni kigumu zaidi na kinafaa vile vile. Sikushauri ukate kanga uliyopewa harusini. Ile mbichi ya dukani ndiyo ya mkasi.

Umesema huutaki ukumbi wa hoteli, na nimelifikiria sana neno lako hilo. Hoteli inakusanya kila alama ya Zanzibar mahali pamoja kwa sababu mgeni yupo siku tatu na anataka kuviona vyote: mlango wa kuchonga uliogeuzwa meza, ngalawa ndogo, taa za Morocco, makawa kumi ukutani. Nyumbani kitu kinakaa kwa sababu kina kazi. Kwa hiyo jiulize juu ya kila kimoja: nani anakitumia, na lini? Makawa mawili yanayofunika chakula kila siku, ukiyatundika mahali mkono unafika, yatapendeza bila ya kuwa maonyesho. Chetezo kilichochakaa kwa moshi wa udi ni kizuri kuliko kipya cha kauri ambacho hakijawahi kuona kaa la moto. Ukiweke juu ya kigae, mbali na pazia. Na usisahau kwamba nyumba ya Kiswahili hupambwa mpaka harufu: asumini kwenye kisahani jioni, langilangi kama jirani anayo mtini. Aya za Qur'ani zitundike juu, ukuta wa kulia juu ya vichwa vya waliokaa, si juu ya televisheni.

Wengine watakushauri uchonge vidaka ukutani kama vya nyumba za zamani. Usikubali. Vidaka vile vilikuwa ndani ya kuta za mawe zenye unene wa nusu mita na zaidi. Ukuta wako wa tofali la saruji ni mwembamba kuliko huo. Ukichonga humo umeudhoofisha. Mjenge rafu nyembamba ya mbao, sahani zako za kauri zikae hapo.

Mapazia yawe mepesi, ya pamba, na fimbo yake ipite pembe za dirisha kwa sentimita 20 kila upande ili uweze kulifungua dirisha lote. Kwa stara ya mchana weka pazia la nusu upande wa chini. Juu pabaki wazi hewa iingie. Mahameli yenye mikunjo mitatu uyaachie kumbi za harusi. Taa nayo: ukinunua balbu, tazama kwenye boksi pameandikwa kelvini ngapi. Ya 2700 au 3000 ina mwanga wa njano unaoifanya mbao na shaba iwe na joto. Ya 6500, ile nyeupe inayopendwa kwa kudhaniwa ina nguvu zaidi, itaufanya ukumbi wako uwe chumba cha sindano.

Nimeiacha koga mpaka sasa, lakini kwenye pesa ndiyo ya kwanza. Usipake rangi juu yake. Toka nje ukatazame: udongo umepanda juu kuliko sakafu? Maji ya bati yanaanguka karibu na msingi bila ya mfereji? Kuna tangi linalovuja? Mara nyingi ni moja ya hayo matatu, na dawa yake ni jembe na mfereji wa bati, si ndoo ya rangi. Punguza udongo, elekeza maji mbali, kwangua rangi iliyovimba, halafu uache ukuta ukauke kweli kweli. Mji Mkongwe umetufundisha somo hili kwa gharama kubwa: kuta za mawe na chokaa zilizopigwa plasta ya saruji zilinyimwa pumzi, maji yakakwama ndani na plasta ikabanduka vipande vipande. Ukuta wako ni wa saruji tangu mwanzo, lakini maji yaliyofungiwa hufanya kazi ile ile. Miezi ya kaskazi, Januari na Februari, ndiyo ya kupaka rangi. Baadaye, ukuta ukishakauka, ule mtindo wetu wa rangi ya mafuta mpaka kiunoni na rangi ya maji juu yake ni wa busara sana kwa nyumba yenye watoto, na mimi ningeuchagua wa kijani kilichopoa.

Kwa hiyo katika milioni moja na nusu yako, toa kwanza ya mfereji na ukuta. Kinachobaki, zaidi ya nusu iende kwa seremala na sponji, kisha mkeka, kisha vitambaa vya mapazia na mito, kisha taa. Kama hazitoshi, anza na baraza moja na kiti cha mama, la pili lisubiri. Kwa seremala lipa kwa awamu: ya mbao, ya kazi ikiwa nusu, na ya mwisho kitu kikiwa kimefika ukumbini kwako. Na atengeneze kiti kimoja kwanza. Mama mkwe akikalie, ainuke mara mbili tatu, aseme mwenyewe kama kimo kinamfaa, ndipo fundi aendelee na vyengine.